Mbolea ilitupita mlangoni ikatupungia mkono: jinsi chakula cha mratibu kilivyotuokoa (Nyololo, miaka ya sabini)

Kamwene wakuu.

Wewe unayesoma hapa nakuhesabu kama jirani wa kuazimana chumvi, kwa hiyo sikufichi kitu. Ninachosimulia nilikiona kwa macho yangu, na Mungu wangu anajua.

Msishangae bibi kuwa humu jukwaani. Kusoma nilijifunza ukubwani, masomo ya jioni, mtoto wa saba mgongoni. Simu itanishinda?

Twende.

Miaka hiyo nilikuwa na arobaini na kitu. Kijiji chetu kiko Nyololo, pembeni ya barabara kuu ya Mbeya na Iringa. Treni nayo ilikuwa imeanza kupita Makambako, hapo jirani tu.

Shida yetu ilikuwa mbolea.

Mwaka uliotangulia ilikuja mahindi yameshatoa mbelewele. Nikavuna vigunzi. Wanangu walikula majani ya maboga mpaka wakawa wakiona chungu wanakimbia. Nikaapa mbele za Bwana, mwaka huu mbolea itangulie mvua.

Sasa sikieni mpango wa wakubwa.

Mbolea inatoka Dar kwa treni. Inapita Makambako, hapo pua na mdomo na sisi, haishuki. Inaenda Mbeya. Mbeya inapakiwa kwenye lori, inarudi na barabara, inapita mbele ya nyumba zetu (tunaiona!), haisimami. Inaenda stoo ya Iringa. Inapumzika. Halafu ndiyo irudishwe Nyololo.

Watoto walikuwa wanaipungia mkono. Dereva mstaarabu, naye anapunga.

Tulilalamika mpaka wakatuletea mtaalamu. Mratibu, kijana mpole, suruali ya bugaluu iliyopanuka chini, ana ramani yenye mishale mingi kama kuku kapita na miguu ya matope. Akatukusanya darasani kutufundisha uratibu.

Akasema, "Akina mama, hamjaielewa sistimu. Tufanye modeli ndogo. Chakula changu cha mchana kiwe ndiyo mbolea."

Jamani, alijitakia mwenyewe.

Akapanga. Jiko la nyuma ya darasa ni Dar. Nyumba ya mwenyekiti, huko juu mlimani, ni Mbeya. Kanisa letu, huko bondeni, ni Iringa. Darasa alipokaa yeye ndiyo Nyololo. Mama Tumaini, mwenzangu wa kwaya, akawa treni na lori. Akatoa na amri: lori lisiondoke Mbeya mpaka lijae, kubana matumizi.

Mimi nikapika. Kuku wa kienyeji, ugali, mboga ya maboga. Kwetu mgeni hali kidogo.

Mama Tumaini akajitwika kikapu, akapita mlangoni pa darasa. Harufu ikaingia. Mratibu akatabasamu, akaendelea na mishale.

Huko "Mbeya" alikuwa Mzee Mgaya, mwenyekiti. Huyu baba ukimpa cheo cha kulinda hata jiwe atalilinda. Akafunua kikapu.

"Hakijajaa."

"Mzee, ni chakula cha mtu mmoja!"

"Amri ni lijae. Wewe lori tangu lini unajibu?"

Mama Tumaini akakaa chini, akatuma mtoto aniletee habari jikoni. Ikabidi nipike ugali mwingine na viazi vya kujazia, nao upande mlima. Kule darasani mratibu akawa anakunywa maji. Mishale ikaanza kupinda.

Jua limeshageuka ndiyo namwona Mama Tumaini anateremka, kikapu kimejaa pomoni. Akafika mlangoni pa darasa. Mratibu akasimama, mikono ameshanawa.

Mama Tumaini akapita.

"Mama! Mama, mimi niko huku!"

"Nimekuona ndugu, habari za kazi. Naelekea Iringa."

Wakuu, yule kijana aliruka dirishani. Akamkimbilia, akashika kikapu. Mama Tumaini naye kashikilia, maana ni mtu wa kutii mamlaka.

"Achia ndugu, hii mali ya Iringa!"

"Mama, mimi niko hapa, chakula kiko hapa, kiende Iringa kufanya nini?"

Mzee Mgaya aliyekuwa anasindikiza shehena akavua kofia.

Nikasema taratibu, "Na shamba langu nalo liko hapa, mwanangu."

Aliniangalia. Akakaa palepale kwenye majani, akala kuku wa baridi, ugali umeshakuwa tofali. Tuliomba kwanza lakini, hiyo siwezi kuiacha. Alipomaliza akakunja ramani yake akaondoka.

Usiku nilipiga magoti, nikamwomba Mungu yule kijana asishibe akasahau.

Hakusahau. Kabla ya mvua, lori lilitoka Mbeya, likapunguza mwendo, likasimama. Dereva akashuka anacheka, "Leo sipungi mkono." Tulishusha mifuko tunaimba. Mwaka ule mahindi yangu yalinipita kichwa, na wanangu walikula mpaka wakaanza kuchagua.

Ofisini nako walifurahi. Wakaita jambo lile ugunduzi mkubwa, ubunifu wa kitaalamu, wakampandisha cheo kijana wetu, wakampeleka Dar akafundishe wengine.

Akaletwa mratibu mpya. Ana ramani mpya. Msimu uliofuata lori likatupita, dereva anapunga mkono.

Hatukulalamika. Tulimwalika mratibu semina, nikakamata kuku, nikamwambia Mama Tumaini atafute kikapu.

Funzo langu ni hili: anayechora mishale ya chakula cha watu, akalishwe kwanza mwisho wa mshale. Hasira haisaidii sana. Kuku anasaidia.

Mliowahi kuona mali yenu ikiwapita, semeni hapa chini nisome. Na kama una ndugu ofisi za usambazaji, mtumie uzi huu. Mtumie moja kwa moja tafadhali, usiupitishe Iringa.