Mpira Uliodakwa Gizani

Don Ulpiano Frías hakuwa mtu wa kutaja mwaka. Ukimwuliza mkewe alianza lini kuumwa goti, alikujibu kwamba ni msimu ule Kaa, timu yake ya besiboli, walipomwacha mrushaji wao wa mkono wa kushoto aende zake kwa sababu meneja hakupenda anavyotafuna. Kibanda chake cha kuziba pancha, kwenye barabara ya kiwanda cha sukari, alikijenga mwishoni mwa msimu wa aibu. Kimbunga kikakiezua paa kabla tu ya msimu wa pili wa aibu. Majirani walikwisha kuzoea, na wengine waliweza hata kuwatafsiria wageni.

Maoni yake juu ya timu za besiboli hayakubadilika hata siku moja. Kaa, timu ya mji huu, ilikuwa bora kuliko zote. Kwamba kila Januari inashika mkia ni jambo jingine, tena la watu wa takwimu. Nyuki wa kaskazini walicheza vizuri, hilo hakulikataa, lakini huwezi kuwapenda, kama usivyoweza kumpenda mtu anayeamka asubuhi nywele zimeshachanwa. Na Majogoo wa mji mkuu? Hao walikuwa watu wanaojipulizia manukato kabla ya kushika gongo. Don Ulpiano alilisema hili bila chuki, kama mtu anayekueleza kwamba mvua inanyesha.

Dereva wa pikipiki akija na picha ya jogoo kwenye tangi la mafuta, alihudumiwa kama wengine, ila alisubiri kidogo.

"Don Uli, niwekee upepo, nina abiria."

"Upepo upo. Kwanza tuzungumze hiyo picha."

"Picha imefanya nini? Kaa wenu mwaka huu wameshinda mara ngapi?"

"Mara nne."

"Kati ya ngapi?"

"Mimi nahesabu walizoshinda. Walizoshindwa hesabu wewe, una nafasi kichwani."

Lakini kulikuwa na mchezo mmoja uliokaa juu ya michezo yote, na kwa huo alikuwa tayari kukosana na mtu mpaka kaburini. Ulichezwa hapa mjini, jioni ya mkesha wa sikukuu ya Bikira wa Altagracia, miaka ishirini na minne iliyopita. Duru ya tisa, ndiyo ya mwisho, Kaa wanaongoza kwa moja, Majogoo wana watu wawili vituoni, na amebaki mmoja tu wa kutolewa. Mpiga gongo wao akaupiga mpira juu, juu kabisa, upande wa kushoto. Mpira ungali angani, umeme ukakatika mji mzima. Uliporudi, mlinzi wa kushoto wa Kaa alikuwa amesimama wima, mpira umo ndani ya glavu yake. Mwamuzi akasema umedakwa, mchezo umekwisha. Mashabiki wa Majogoo wanasema hadi leo kwamba aliuokota kwenye majani. Redio nayo ilikuwa imekufa, kwa hiyo hakuna mtangazaji anayeweza kuulizwa. Siku nne baadaye Majogoo waliwatoa Kaa mashindanoni, jambo ambalo Don Ulpiano aliliona halihusiani.

Jioni hiyohiyo ndipo alipozaliwa Nurys, binti yake wa pekee. Mkunga, marehemu Doña Fefa, hakuruhusu mwanamume kukanyaga ndani. Kwa maelezo yake mwenyewe, Don Ulpiano alikaa kwenye ngazi nyuma ya jiko, redio sikioni, rozari mkononi. Alimsikia mkewe akimwita, alisema, na kila alipoitwa moyo ulimpasuka, lakini kwa Doña Fefa hapakuwa na pa kupita. Hadithi hii aliisimulia kila Nurys alipotimiza mwaka. Mkewe, Doña Cástula, akiisikia sehemu ile ya kuitwa, humwongezea kipande cha nyama kwenye sahani.

Kumwandikisha mtoto serikalini lilikuwa jukumu la baba. Baba alisema atakwenda msimu ukiisha. Msimu ukaisha vile ulivyoisha, akawa anaomboleza. Halafu kiangazi kikaja na ligi kubwa za ng'ambo, ambako vijana watatu wa mtaani walikuwa wanacheza, na mtu hawezi kuwaacha vijana wa kwao wacheze peke yao. Oktoba ikafika, msimu mpya. Hivyo ndivyo Nurys alivyofikisha miaka ishirini na minne, amesoma kwa cheti cha ubatizo, amehitimu uuguzi, na hospitali imemwekea nafasi mpaka Ijumaa. Bila cheti cha kuzaliwa hakuna kitambulisho, na bila kitambulisho nafasi inakwenda kwa mwingine.

Jumatano asubuhi wakaingia wote watatu katika ofisi ya uandikishaji. Msajili, Bwana Belarminio Tejeda, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na juu ya meza yake alikuwa na jogoo mdogo wa kauri. Don Ulpiano alimwona jogoo kabla hajamwona msajili. Akamwamkia msajili peke yake.

"Hapa kuna tatizo," alisema Bwana Tejeda, karatasi mkononi. "Mama anasema mtoto kazaliwa tarehe ishirini Januari. Padri, kwenye cheti cha ubatizo, ameandika kumi na mbili."

"Yule padri alikuwa hasikii vizuri," alisema Doña Cástula. "Na aliyezaa ni mimi, siyo padri."

"Sikatai, mama yangu. Lakini padri ana muhuri."

"Ilikuwa ishirini, mheshimiwa. Taa zilikatika, mtoto akatoka. Mkunga alikuwa anapapasa kiberiti."

"Mama, taa za hapa kwetu hukatika kila siku ya Mungu. Ningekuwa naandikisha watu kwa kukatika taa, mji mzima ungekuwa na umri mmoja." Akaiweka karatasi chini. "Tarehe zikigongana, faili linakwenda mahakamani mji mkuu. Mwaka mmoja, miwili."

Nurys alikuwa amevaa viatu vyeupe vya kazi, vipya, na alivitazama hivyo.

"Ilikuwa siku ya mchezo wa giza," alisema Don Ulpiano.

Bwana Tejeda akainua kichwa taratibu. "Mchezo upi wa giza?"

"Upo mmoja tu."

"Huo naujua. Mkesha wa Altagracia, tarehe ishirini." Sauti yake ilipungua upole kidogo. "Lakini mchezo unaujua kila mtu, mzee wangu. Kinachofunga mchezo na mtoto ni nini? Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye ngazi nyuma ya jiko. Na redio."

"Redio ilizimika. Matokeo ulijuaje?"

"Watu walipita wakipiga kelele. Kwamba umedakwa."

"Basi walipita wakipiga uongo," alisema Bwana Tejeda. "Samahani, sisemi kama msajili sasa. Ule mpira ulianguka chini. Uliokotwa."

Ulimi hauna mfupa. Don Ulpiano aliweza kuvumilia mengi: kungoja foleni, padri kiziwi, hata kukaa mbele ya jogoo wa kauri. Hili hakuliweza. Alisimama, kofia ikamwanguka.

"Umeokotwa na nani? Nimeusikia! Nimeusikia kwa masikio yangu haya ukiingia kwenye glavu, paa! Nilikuwa hatua kumi kutoka kwenye ukuta wa kushoto! Majani hayalii paa, bwana!"

Mama mmoja aliyekuwa anajaza fomu dirishani akaacha kuandika. Don Ulpiano aliokota kofia yake, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo. Hakumtazama mkewe. Doña Cástula, yeye, alikuwa anamtazama vizuri sana.

Bwana Tejeda alikuwa shabiki wa Majogoo, lakini hakuwa mtu mbaya. Alikohoa. "Labda nimesikia vibaya," alisema. "Pangaboi hili lina kelele. Kama mzee alikuwa kwenye ngazi, alikuwa kwenye ngazi, naandika hivyo. Ila hapo mchezo haunisaidii, maana kelele za wapita njia si ushahidi, na faili linapanda basi kwenda mji mkuu. Kama alikuwa uwanjani, na akarudi nyumbani jioni ile akakuta mtoto amezaliwa, huo ni ushahidi. Tarehe ishirini, haina mjadala. Sema mwenyewe, mzee. Nitaandika utakachosema."

Don Ulpiano aligeuza kofia mkononi, mzunguko mzima, kisha mwingine. Alivitazama viatu vya binti yake. Maishani mwake alikuwa ameiona Kaa ikitupa michezo mingi ambayo ilikuwa imekwisha kuishinda, na sikuzote alisema mrushaji mwoga ndiye anayeua timu, yule asiyetaka kuurusha mpira kwa kuogopa utapigwa. 

"Nilikuwa uwanjani," alisema.

"Baba," alisema Nurys.

"Nilitumwa kumwita Doña Fefa. Nikamwita, akaenda. Akaniambia mwanaume hana kazi pale kwa saa tatu nne. Nikasema nitapita uwanjani duru mbili tu. Ilikuwa duru ya tano."

"Nahitaji uhakika," alisema Bwana Tejeda. "Duru ya tano mpaka ya tisa hata gazeti liliandika. Niambie jambo ambalo gazeti halikuandika. Taa zilipokatika, watu walifanya nini?"

"Walinyamaza. Uwanja mzima, kimya, watu hata pumzi hawavuti. Kila mtu anangoja kusikia mpira utaangukia wapi. Halafu upande wa kulia, kwenu kule, mtu akapiga chafya. Moja, kubwa. Na watu elfu nne wakasema kwa pamoja: Afya!"

Bwana Tejeda aliivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Aliyepiga chafya ni mimi," alisema.

Waliangaliana, mtu wa Kaa na mtu wa Majogoo.

"Ndiyo maana wewe hukuusikia," alisema Don Ulpiano kwa huruma. "Paa ilikuja hapo hapo baada ya chafya yako."

Msajili alitaka kubisha, akaona si mahali pake. Akavuta mashine ya kuchapa, akaanza. Alichapa kwa vidole viwili, polepole, naye alikuwa na desturi ya kusoma kwa sauti kila anachochapa, maana wengi wanaofika pale hawasomi, na sheria inataka wasikie. Siku nyingine desturi hiyo haimdhuru mtu.

"Mimi, Ulpiano Frías, mziba pancha, mkazi wa mji huu, natamka kwa hiari yangu kwamba jioni ya tarehe ishirini Januari, binti yangu alipokuwa anazaliwa, mimi sikuwapo nyumbani. Nilikuwa uwanja wa besiboli. Nilirudi baada ya mchezo, nikamkuta mtoto amekwisha kuoshwa na kuvishwa." Akageuka. "Ni hivyo?"

"Ni hivyo."

"Mama lazima aweke sahihi pia, kwamba alimwona akirudi. Bila yeye haikamiliki."

Kalamu ikawekwa mbele ya Doña Cástula. Hakuishika. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyekaanga ndizi miaka thelathini, na mikono hiyo ilikuwa imelala juu ya mkoba wake kana kwamba imeambiwa ikae kimya. Nurys alimgusa bega. Don Ulpiano alitamani mkewe apige kelele, amwite mwongo, amtupie hata yule jogoo. Miaka ishirini na minne alikuwa amejiandaa kwa kelele, na majibu alikuwa nayo, matatu au manne, mazuri.

Doña Cástula akaishika kalamu. Akaandika jina lake lote, herufi moja moja, pamoja na jina la baba yake. Kisha hakuirudisha.

"Ulpiano."

"Naam, mke wangu."

"Jioni ile nilikuita mara ngapi?"

Don Ulpiano, aliyejua ni mipira mingapi ilirushwa katika duru ile ya tisa, na ipi ilipita juu na ipi chini, alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Sijui," alisema.

Doña Cástula aliisukuma karatasi kuelekea kwa msajili na kalamu juu yake.

"Andika na hilo, mheshimiwa," alisema. "Andika kwamba hajui."

Bwana Tejeda alimtazama mzee, mzee akatikisa kichwa kukubali. Akairudisha karatasi kwenye mashine, akachapa kwa vidole viwili, na safari hii hakusoma kwa sauti.