Makande ya kibuyu cha darini

Jamani, leo nimepika makande matamu kuliko siku zote, na natamani nisingeyapika.

Huku Kaengesa tunapanda maharage, nani ana muda wa jikoni? Asubuhi nikabandika sufuria kubwa.

Mchana, watu wote nyumbani wakasifia. Mama mkwe akaongeza sahani ya pili (na huyu mama hasifiagi kitu!).

Kisha akauliza, "Mama Neema, maharage umetoa wapi?"

"Kwenye kibuyu cha darini, mama. Nimemimina yote."

Akaweka kijiko chini.

Ile ilikuwa mbegu. Aliachiwa na marehemu mama yake, akaipanda kila mwaka. Hata sokoni haipo.

Niambieni, hapo unaombaje msamaha?

Sufuria limebaki nusu. Hakuna anayekula, na hakuna anayethubutu kumwaga.