Picha za singo ya mdogo wangu zilivyotua kwenye tablet ya fundi simu, na kwa nini sasa naweka app bila akaunti ya mtu

Wakuu, salaam alaykum.

Haya yamenikuta mwenyewe, hapa Mjini Unguja, na bado nina hasira. Sitaongeza chumvi, maana hayahitaji.

Mwaka jana nilinunua simu Darajani. Fundi akauliza, "Una email, dada?" Nikasema sina.

"Hamna neno, nnakuwekea."

Akabofya dakika mbili, akanikabidhi simu ina kila kitu. Nikamshukuru.

Nusu ya mji huu tunanunua simu hivyo hivyo. Akaunti anaweka fundi, password anaijua fundi, sisi tunaondoka tunatabasamu.

Na dalili niliiona. Kwenye majina ya simu kulikuwa na watu nisiowajua, "Bi Mkubwa Nungwi", "Juma Rangi". Nikadhani simu mpya huja hivyo. Huo ujinga ni wangu, sikatai.

Mdogo wangu Salma alikuwa anaolewa. Kwa wasiojua, wiki ya mwisho bibi harusi wetu hukaa ndani akisingwa, anasuguliwa mwili mzima kwa singo, ule mchanganyiko wa manukato, mpaka ngozi inanukia. Mwanamume haingii. Salma akaomba nimpige picha za ukumbusho wake mwenyewe, kajifunga kanga kifuani, mabega na nywele wazi.

Mimi ndiye niliyemwambia, "Usiogope, simu yangu haishiki mtu."

Siku mbili baadaye nikaenda kwa yule fundi kununua chaja.

"Hongera dada! Bibi harusi kang'ara, mashaallah."

"Umemuona wapi?"

"Si picha zako hizo? Zinaingia zenyewe kwenye tablet ya duka."

Nikamwambia anioneshe. Wakuu, hakuwahi kunifungulia akaunti yoyote. Aliniingiza kwenye yake, mimi na wateja wake wote, na backup ya picha kaiwasha. Salma yupo pale, katikati ya vitambulisho vya watu na picha za mgonjwa wa mtu kitandani. Nikafungua orodha ya vifaa vilivyomo kwenye akaunti ile, nikahesabu thelathini na moja.

"Kwani mimi nnaangalia, dada? Wote hutumia hiyo hiyo. Kufungua mpya kila mteja kunasumbua."

Kunasumbua!

Nilichomjibu, moderator angekifuta. Nilisimama pale mpaka akazifuta picha zangu zote na kumwaga hata folda ya taka mbele ya macho yangu. Akaunti nikaiondoa kwenye simu yangu. Lakini zile simu nyingine? Nani alifungua, nani alihifadhi? Fundi hajui.

Jioni ile nikamwambia Salma. Hakulia. Aliuliza mara moja tu.

"Nani keshaniona, dada?"



Mume wangu, Haji, yuko mapokezi kwenye hoteli moja Kiwengwa. Mwenzake wa kazini alikuwa anauza simu yenye mfumo wa faragha, haina ndani duka la app la kampuni kubwa wala akaunti yake. Nikaichukua, na safari hii sikumpa fundi yeyote.

Si uchawi. Nilifungua browser, nikaenda tovuti ya duka la app huria, zile ambazo mjuzi yeyote anaweza kukagua zilivyotengenezwa. Nikapakua faili ya duka hilo. Simu ikauliza kama naruhusu chanzo hicho, nikaruhusu, nilipomaliza nikaifunga ruhusa. Humo nikapata kamera, ramani na keyboard. App ya kuchati nikaitoa kwenye tovuti ya wenyewe, si kwenye link za magroup. Ikataka namba ya simu tu. Hakuna aliyeniuliza email.

Iliyonitia wazimu ni ya benki. Ikafunguka, ikakosa vitu vya kampuni kubwa ndani ya simu, ikaandika: kifaa hiki si salama.

Yaani simu iliyokuwa ikimwaga bibi harusi dukani kwa watu ilikuwa salama, hii isiyomjua mtu ndiyo hatari!

Nikaenda tawini. Mhudumu wa kaunta hakuinua hata macho. "Mpelekee fundi akurekebishie, mama."

Nikatoka zangu. Sasa benki natumia ile menyu ya kubonyeza namba, basi.

Siku ya hina, nyumbani Kiponda, Salma aliweka kapu la ukili mlangoni. Kila anayeingia, simu kapuni. Shangazi yetu, Bi Asha, akanuna.

"Hata mie niliyekubeba mgongoni?"

"Hata wewe, shangazi."

Nikafika mimi, nikaanza kumueleza Salma kuwa yangu mpya haina akaunti ya mtu, haipeleki kitu popote. Akaniacha niseme mpaka mwisho. Halafu akanisogezea kapu.

"Na yako, dada."

Nikaiweka.

Nilichojifunza ni hiki: simu ni yako, lakini akaunti iliyomo ikiwa ya mwingine, na vilivyomo ni vyake. Mafundi mliomo humu, karibuni mjitetee, nipo. Na wewe mwingine, kabla hujaandika chochote chini hapa, fungua setting, nenda sehemu ya akaunti, usome jina lililoandikwa pale.

Kisha rudi utuambie ni la nani.