Tuzibebe Mpaka Lini Simu za Zamani

Mimi na mwenzangu tulitengeneza programu yetu mtaani Kibeta, sebuleni kwangu. Mkulima anapiga picha ya jani la mgomba, simu inamwambia kama ni ugonjwa wa mnyauko au ni udongo uliochoka tu. Kazi tuliipenda. Kilichotuchosha ni simu za zamani: kila tulipoongeza kitu kipya, zenyewe zilikwama, nasi tukaanza kuzibembeleza upya. Mwenzangu alitaka tuzifungie mwisho wa mwezi, programu isifanye kazi tena kwenye simu hizo. Wanaozitumia, alisema, ni wachache mno. Mimi nami, kusema kweli, zilikuwa zimenifika shingoni.

Kikwazo kilikuwa mama, kule kijijini Kishanda, Muleba. Simu yake ndiyo niliyoitumia mimi zamani. Wengi wetu tuliotoka nyumbani tunafanya hivyo: mpya unabaki nayo, ya zamani inakwenda kwa mzazi. Safari hii nikamnunulia mpya kabisa, ili tukizifungia za zamani yeye asikwame, nikajiona mjanja.

Nilipompelekea, alifurahi mpaka akanichekesha. Tulipomaliza kula nikaiomba ile ya zamani.

"Ya nini tena? Nimemwita jirani aje aichukue," alisema. "Kitu kizima, nikitupe?"

Jirani ni mjane ambaye hana mtoto wa kumnunulia simu. Siku zote alikuwa akija kuazima ya mama. Alifika akaipokea kwa mikono miwili, akishukuru kwa Kihaya.

"Wakora, waitu! Sasa sitamsumbua tena mama yako. Njoo uone, kuna mgomba unanitia wasiwasi."

Nilimkasirikia mama, kisha nikajikasirikia mwenyewe zaidi. Nilidhani naistaafisha simu, kumbe nimeishusha tu kwa mtu mwenye uwezo mdogo zaidi, na mwisho wa mwezi ningemfungia mlango.

Kwenye kibanja chake, shamba la migomba nyuma ya nyumba, mgomba mmoja ulikuwa umeanza kuwa wa njano. Alipiga picha. Simu ikasuasua weee, mwisho ikajibu: mnyauko, ukate leo. Hakulia wala hakulalamika. Alikwenda kuchukua panga ili auwahi kabla haujaambukiza mingine.

Nikampigia mwenzangu nikiwa palepale.

"Tusizifungie simu za zamani."

"Mpaka lini?" aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza.

"Mpaka huyu jirani wa mama apate nyingine."

 Yeye naye ni mtoto wa Muleba, anajua simu za zamani huishia wapi.

"Na akipata," alisema, "hiyo atampa nani?"