Msala wa Bibi na Mvukuto wa Mama

Harufu ya ngozi inayopata joto karibu na moto hunirudisha Gisenyi, jikoni kwetu, asubuhi za mvua, ukungu wa ziwa ukiingia mlangoni bila kupiga hodi. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa msichana wa miaka saba.

Moto wetu ulivuviwa kwa mvukuto, zawadi ambayo baba, fundi cherehani, alipewa na mteja wake mmoja. Masika yale ngozi ya mvukuto ilipasuka. Kuni zilikuwa mbichi, na mama, mwenye pumu, akawa anapuliza kwa mdomo. Akipuliza mara tatu, anakohoa mpaka anashika ukuta. Niliogopa atakufa, nawaambieni kweli.

Baba alitafuta mvukuto mwingine. Katika duka la Wazungu alitajiwa bei, akacheka peke yake njia nzima. Akavuka mpaka hadi Goma, akapata wa bei nafuu, ila panya walikuwa wameuwahi. Akarudi kuutazama wetu: mbao zilikuwa nzima, ilikosekana ngozi tu.

Bibi, mama yake baba, hakumsifu mama hata kwa bahati mbaya. Pilau ya mama aliiita uji. Basi alasiri moja, alipomaliza kusali, hakuukunja msala wake, ngozi laini ya mbuzi aliyoachiwa na marehemu babu. Aliuweka juu ya cherehani.

"Kata."

Baba akaupapasa msala. "Mama, hii si baba ndiye alikupatia?"

"We kata tu. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mungu anasikia hata kwa mukeka. Na muke yako, usimuambie kitu."

Baba alikata akikwepa sehemu mbili zilizolika kwa magoti, maana hapo upepo ungevuja. Jioni ile moto uliitika, fuu, fuu, na mama akaimba akipika. Bibi akalalamika kwamba chai ina moshi.

Tangu hapo Bibi alisali juu ya mkeka mwembamba, kwenye sakafu yetu ya mawe baridi. Kila siku aliniita nimkande magoti kwa mafuta, nami nilinung'unika, nikidhani ni uzee tu. Sasa nina umri wake, na magoti yangu yamenifundisha. Bibi alimpenda mama yangu mara tano kwa siku, na kila mara ilimuuma.