Mstari Nilioruka kwenye Tangazo la Cheo

Siku tatu mfululizo sikulala vizuri kwa sababu ya mstari mmoja. Niliuruka kwa kuwa karatasi ilikuwa imejaa, au niliuruka kwa kuwa kile cheo nilikitaka mwenyewe? Nikishika jibu la kwanza, moyo ulitulia kidogo, halafu nikakumbuka kwamba chini ya karatasi palibaki nafasi ya vidole viwili. Nikishika la pili, niligeukia ukutani na kuanza upya.

Nilikuwa na miezi minane tu tangu nirudi na cheti changu kutoka chuo cha Uganda. Nilikuwa mwalimu msaidizi katika shule moja ya serikali mjini Dar es Salaam, mwendo mfupi kutoka soko la Kariakoo. Kwa kuwa Kiingereza changu kiliwazidi wenzangu, Bwana Mkuu, Mwingereza aliyeongoza shule, aliniongezea kazi. Kila mwezi idara ya elimu ilituletea jarida la habari za watumishi: nani kapanda cheo, nani kahamishwa, nani kapewa baiskeli, nani kastaafu na kwa maneno gani ya shukrani. Mimi nililifasiri kwa Kiswahili, nikaliandika kwa mkono, na karatasi yangu ikabandikwa ubaoni nje ya ofisi. Jarida lenyewe lilifungiwa kabatini. Karatasi iwe moja tu, alisema Bwana Mkuu, maana zikiwa mbili ubao unafanana na kamba ya dobi.

Walimu waliisoma ile karatasi wakiwa wamesimama, vikombe vya chai mkononi, na hakuna aliyeisoma kimya.

"Huyu wa Tabora kapewa baiskeli."

"Tabora mtu anaendesha kwenda wapi?"

"Anaendesha kwenda kumwonyesha mkwewe."

Walicheka, halafu walirudia kusoma tangu juu, polepole, kana kwamba safari ya pili jina lao lingeonekana.

Mwezi ule habari ilituhusu sisi wenyewe. Idara ilitaka mwalimu wa daraja la kwanza katika shule yetu. Atakayepata atapewa nyumba uwanjani kwa shule, yenye sakafu ya saruji na paa la mabati, cheti cha kusafiria reli bure wakati wa likizo, na baiskeli. Waombaji waandike kwa idara kupitia kwa mkuu wa shule. Mwisho kabisa palikuwa na mstari mfupi: barua iandikwe kwa mkono wa mwombaji mwenyewe. Nilifasiri yote, nikafika pale, nikaona karatasi inakaribia kwisha, nikaweka nukta.

Kila mtu pale shuleni alijua nyumba ile ni ya nani. Tulikuwa na mwalimu wa hesabu tuliyemwita Maalim. Alianza kufundisha enzi za Mdachi, vita vikamtoa darasani, Waingereza wakamrudisha. Nusu ya makarani wa mjini walijifunza kugawanya kwake. Alipanga vyumba viwili pembezoni mwa bonde la Jangwani, na masika maji yaliingia mpaka kwenye miguu ya vitanda. Mkewe na binti zake walipandisha magodoro juu ya meza, wakakaa juu ya magodoro. Maalim alikuja shuleni asubuhi na kanzu yenye tope pindoni, akafundisha sehemu na asilimia, wala hakulitaja bonde.

Siku mbili baada ya karatasi kubandikwa alinijia.

"Mwanangu, niandikie hiyo barua. Wewe una mkono, na Kiingereza unacho."

Mgeni wa mji wetu angeshangaa, maana Maalim aliandika vizuri kuliko mimi. Lakini ndivyo tulivyolelewa wote. Barua ya posa, barua ya kwa kadhi, barua ya kumwomba mkubwa kitu, huiandiki mwenyewe. Unamtafuta mwenye mkono mzuri na maneno ya adabu, yeye ndiye anayekusemea. Kukaa chini ukajisifu kwa kalamu yako mwenyewe, mimi hodari, mimi nimetumikia miaka kadhaa, huo ulikuwa ukosefu wa haya. Mwenye heshima zake alisemewa.

Kwa hiyo nikamsemea. Nilimwandikia barua nzuri sana, na hilo bado linaniuma. Siku ya pili yake nikaandika ya kwangu, kwa kalamu ileile, wino uleule, karatasi za daftari lilelile. Nilikuwa nimeusahau ule mstari? Nadhani nilikuwa nimeusahau. Hiyo "nadhani" ndiyo iliyokuwa ikiniamsha.

Jumatatu Bwana Mkuu aliniita ofisini. Aliongea nami Kiingereza, kama alivyofanya siku zote akitaka nijione mtu.

"Hongera. Idara imekubali jina lako. Utahamia ile nyumba mwisho wa mwezi."

Nikasema asante. Halafu, kwa kuwa siwezi kupokea kitu bila kukichunguza, nikauliza habari ya Maalim.

"Yule mzee? Hawezi hata kujiandikia barua. Umemwandikia wewe, mkono ni wako, mtoto mdogo angeuona. Sharti lilikuwa wazi. Niliirudisha palepale, haikwenda popote."

Mbele yake mezani palikuwa na daftari la mahudhurio la darasa la Maalim. Lilikuwa wazi. Majina yote ya wanafunzi yalikuwa yamepangwa kwa ule mwandiko wake mwembamba, uliolala upande wa kulia, namba zimenyooka kana kwamba zimepigwa rula, na chini ya kila ukurasa palikuwa na sahihi ya Bwana Mkuu. Miaka tisa alikuwa akiweka sahihi chini ya mkono ule. Kiwiko chake kilikuwa kimeegemea daftari lile wakati akiniambia kwamba mwenye mkono ule hawezi kuandika.

Mimi nikafanya nini? Nikasema, "Ndiyo, bwana." Nikasema tena asante, mara ya pili, na nikaufunga mlango taratibu ili usigonge.

Hasira ilinifikia nikiwa nimeshavuka uwanja wa shule. Siku ile nilimchukia yule mtu jinsi ambavyo sijawahi kumchukia mtu mwingine. Nilichukia hata ile sauti yake ya upole. Alijua. Hakuna namna ambayo hakujua. Alikuwa anatafuta sababu ya kutomweka mzee wa kanzu katika nyumba inayotazamana na yake, na sababu hiyo nilimpelekea mimi, imekunjwa vizuri ndani ya bahasha. Nilitembea mpaka Kariakoo nikizungumza peke yangu. Mama mmoja muuza mchicha akasogeza kapu lake nisilikanyage.

Habari ilikuwa imenitangulia. Nilipanga chumba uani kwa Mwarabu mmoja mwenye duka la nafaka karibu na soko, na jioni ile alikuwa barazani na wateja wake wawili wa kahawa.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, bwana mkubwa. Leo mimi ndiye wa kukuamkia wewe. Nasikia unatuhama, unakwenda kukaa na Wazungu."

"Si kwa Wazungu, ni uwanjani kwa shule."

"Mlango kwa mlango na Mzungu ni kwa Mzungu. Ukipita hapa na hiyo baiskeli, piga kengele tu, tutajua umetusalimu."

Mteja mmoja akasema, "Hatapita. Atazunguka kwa nyuma, vumbi lisimshike."

"Na yule Maalim je?" akauliza mwingine. "Mimi nilidhani safari hii ni yake."

"Maalim bahati yake imejaa maji," akasema Mwarabu, wakacheka, maana hawakuwa na ubaya naye. Nilicheka pia. Nilisikia kicheko changu mwenyewe, nikaingia ndani bila kunywa ile kahawa niliyomiminiwa.

Jumanne sikusema kitu. Jumatano nilijiandaa kusema, nikapanga maneno, nikayapangua. Nikimwambia, nitamvunja moyo bure, maana uamuzi umekwisha kupita. Nisipomwambia, nitakuwa mwizi. Nikimwambia na bado nikaichukua nyumba, nitakuwa mwizi mwenye adabu. Na baba yangu kule nyumbani Kilimanjaro, aliyeuza ng'ombe nisome, nitamwandikia nini? Kwamba nilipewa nikakataa? Nilibishana hivyo na nafsi yangu darasani huku wanafunzi wakinakili ubaoni hesabu niliyoikosea.

Usiku wa kuamkia Alhamisi mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Maalim alichelewa kengele ya kwanza, jambo ambalo halijapata kutokea. Alipofika, kanzu ilikuwa imelowa mpaka magotini. Akanikuta nimesimama kwenye ubao wa matangazo. Akanipa mkono.

"Hongera, mwanangu. Sikupata nafasi ya kukupa mapema. Mimi wamenirudishia barua, nadhani umri. Basi, nyumba imebaki kwetu, haikwenda mbali."

Mkono wake ulikuwa wa baridi. Aliniudhi kwa upole wake, Mungu anisamehe. Nilitaka agombe. Nilitaka mtu mwingine mbali na mimi akasirike shuleni pale.

"Si umri, Maalim," nikasema. "Ni kwa sababu barua niliiandika mimi. Tangazo la Kiingereza lilisema kila mtu aandike kwa mkono wake. Mstari huo sikuuweka kwenye karatasi."

Alitazama karatasi yangu ubaoni. Aliisoma tangu juu mpaka chini, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Akaweka kidole kwenye ile nafasi iliyobaki chini.

"Ungeenea hapa."

"Ungeenea."

"Umejua lini kwamba ndiyo sababu?"

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi." Alikitoa kidole. "Siku zote hizi ulikuwa unapima nini?"

Nilianza kueleza habari ya karatasi moja, habari ya kamba ya dobi, akaninyamazisha kwa mkono kama anavyowanyamazisha wanafunzi.

"Mke wangu amekaa juu ya meza tangu saa tisa usiku. Wiki iliyopita niliwaambia wavumilie, pengine ni masika ya mwisho pale. Nilisema hivyo kabla barua haijarudi, baadaye sikuwa na uso wa kulifuta neno hilo. Unanielewa? Usinieleze karatasi."

"Nimekukosea, Maalim."

"Umenikosea. Na yule ndani naye anaujua mkono wangu kuliko anavyoujua wa mkewe." Sasa, kwa mara ya kwanza, nikaona hasira yake. Ilikuwa kubwa kuliko yangu, ilikuwa imekaa ndani muda mrefu zaidi. "Miaka tisa. Leo sijui kuandika."

Nikamwambia nitaikataa ile nafasi. Akasema kukataa kwangu hakukaushi sakafu yake, watamleta mwingine kutoka Tanga. Nikamwambia basi nitaandika idarani kueleza nilichofanya, na yeye aandike upya, kwa mkono wake, nipeleke zote mbili.

"Kupitia kwake?"

"Hapana. Nitapeleka mwenyewe."

Akanitazama. Kupeleka barua idarani bila kupitia kwa mkuu wa shule lilikuwa kosa ambalo mtu aliweza kufukuziwa, na mimi ndiye niliyelifasiri onyo hilo na kulibandika mwezi wa pili.

"Wewe kijana una woga," akasema. "Mpaka kesho utakuwa umeshageuka."

"Ndiyo maana nataka kwenda leo."

Aliingia darasani kwake. Nilidhani amenikatalia. Nilikaa na wanafunzi wangu, nikawapa kusoma kimya, nikaandika barua yangu bila kuandika kwanza ya majaribio, kitu ambacho sijawahi kufanya maishani. Niliandika kwamba niliacha sharti la mwisho katika tafsiri, kwamba mwenzangu hakuliona popote, kwamba nafasi hiyo siipokei, na kwamba naomba maombi yake yasomwe. Sikuandika kama nilikusudia au sikukusudia. Sikujua, na sijui mpaka leo.

Kengele ya mapumziko ilipolia Maalim alikuja na karatasi iliyokunjwa mara mbili. Alikuwa ameandika Kiswahili. Ilikuwa mistari minne. Alisema aliomba kazi na kuandikiwa na mwenzake kwa sababu tangazo alilosoma halikukataza. Alisema huu ndio mkono wake, na idara ikitaka kuufananisha iagize madaftari ya shule, yenye sahihi ya mkuu kila ukurasa.

"Nikufasirie?" nikauliza.

"Wewe? Hapana. Atafasiri mwingine."

Nikapita barabarani kwenye madimbwi mpaka kule kwenye ofisi za serikali, upande wa bandari. Nilisimama nje ya mlango wa idara, na mawazo yakaanza tena: labda kesho, labda kwanza nimwone Bwana Mkuu, labda barua yangu ina kosa. Nikaingia kabla hayajamaliza kuhesabu. Karani wa Kigoa alipokea bahasha mbili, akazigeuza.

"Hazina sahihi ya mkuu wako."

"Hazikupita kwake."

"Unajua utaratibu?"

"Naujua. Ni mimi ninayeuandika ubaoni."

Aliniangalia viatu, vimejaa tope. "Nikizipokea, siwezi kukurudishia tena."

"Zipokee," nikasema, na nikasubiri pale mpaka alipozigonga muhuri zote mbili.