Kadi Niliyoitia Plastiki

Mwanangu, kuna Jumanne moja ambayo haijanitoka kichwani, ingawa miaka karibu ishirini imepita na kichwa chenyewe sasa kina mvi. Nilikuwa kijana bado, sina mke, nauza makoti ya mtumba katika soko la Kadutu, hapa Bukavu. Jumanne ilikuwa siku yangu ya kufungua balo, lile furushi kubwa la nguo zilizobanwa kwa mikanda. Nilikuwa na tabia ambayo ninayo hadi leo: kila kitu nakihesabu mara mbili. Nilihesabu makoti, nikarudia. Nikapitisha mkono katika kila mfuko, nikarudia na mifuko pia, maana watu wa ng'ambo husahau vitu humo: tiketi ya basi, kifungo, pipi iliyoyeyuka. Mara ya kwanza sikupata kitu. Mara ya pili, katika mfuko wa ndani wa koti la kahawia, vidole vyangu viligusa karatasi ngumu.

Ilikuwa kadi, ndogo kuliko kiganja. Mbele kuna picha ya mwanamume mwenye kofia, ameinua rungu begani, anatazama kitu ambacho sisi hatukioni. Nyuma kuna tarakimu ndogo ndogo, safu kwa safu, kama daftari la mtu mwenye mashaka. Maman Faida, aliyeuza nguo za watoto kwenye meza ya jirani, aliichukua akaigeuza.

"Huyu iko mulinzi wa banque," akasema.

"Mulinzi gani anavaa soksi mpaka kwa magoti?"

"Basi iko mwizi. Ona vile anangojea mutu."

Tukacheka. Mimi nikaitia kadi katikati ya daftari langu, kwa sababu kitu ambacho hujui bei yake hukitupi.

Jioni ya siku ile nilikwenda cyber, maana enzi zile mtandao haukuwa mfukoni, ulikuwa chumbani, unaufuata kwa miguu na unakaa mbele yake kwa saa uliyolipia. Niliandika jina lililokuwa kwenye kadi. Kumbe yule bwana alikuwa mchezaji wa besiboli, mchezo ambao sijawahi kuuona Bukavu hata mara moja. Na kumbe kulikuwa na jukwaa zima la wakusanyaji, watu wa nchi nyingi ambao hawajuani kwa sura, wanabadilishana kadi kama hizo kwa njia ya posta. Nikapiga kadi yangu skana, mbele na nyuma, nikaiweka pale na sentensi moja ya Kifaransa: nimeikuta katika koti, ni nini hii?

Kesho yake walikuwa wamejibu watu kumi na mmoja. Nilihesabu mara mbili. Mmoja alijua mwaka wa kadi. Mwingine alijua kwamba siku ya kupigwa picha mchezaji yule alikuwa ameazima kofia. Wa tatu aliniomba kwa heshima nyingi nimwambie pembe ya juu kushoto ikoje, imechoka au bado kali. Nilitoka nje nikasimama kandokando ya barabara, pikipiki zinanipigia honi, nimeduwaa. Mimi nilidhani najua kila kitu ambacho watu wanaweza kukitamani. Sikujua kwamba kuna mtu, mbali sana, anayeweza kuitamani pembe ya karatasi.

Kati ya wale kumi na mmoja alikuwepo Gaston. Alikuwa mzee wa Québec, aliyewahi kuendesha basi la shule, na kwa kuwa aliandika Kifaransa tulielewana vizuri. Alinieleza kwamba marehemu kaka yake alianza albamu ya mfululizo mzima wa kadi zile. Kaka alipofariki, yeye akaendelea. Ilibaki nafasi moja tu, nayo ilikuwa ya mtu wangu mwenye rungu. "Ukurasa ule una tundu," aliandika. "Kila nikifungua albamu, macho yanakwenda kwenye tundu."

Mfanyabiashara mwenye huruma angemwonea huruma. Mimi niliona mteja ambaye hawezi kuondoka mezani.

Nikamuuliza ana nini cha kubadilishana. Alikuwa na vitu vingi, na miongoni mwake picha za kandanda: kadi kumi na sita za timu yetu ya taifa ya zamani, wakati nchi iliitwa Zaïre na vijana wetu walikwenda Kombe la Dunia. Nilizitaka zote. Papa yangu, kule kijijini Nyantende, alikuwa amenilea na timu ile. Aliifuata kwa redio, akiwa kijana, na hadi leo hii ningeweza kukutajia nani alimpasia nani. Lakini uso sikuuonyesha, na ndiyo raha ya kupatana kwa maandishi. Niliomba nne, nikasema nne ni chache, nikaomba nane, nikalalamika kuhusu pembe zake, nikaomba zote. Gaston akajibu: sawa, zote kumi na sita. Hakubishana. Nikaumia siku nzima, maana Kadutu mtu asipobishana unajua umeuza rahisi.

Jukwaa lile lilikuwa na desturi yake: mgeni, ambaye hajawahi kubadilishana na mtu, ndiye anayetuma kwanza. Nikakataa. Nilimwandikia kwamba sokoni kwetu hakuna mtu anayevua koti kumpa mwingine na kungojea labda atarudi. Nilitegemea atakasirika. Akaandika mstari mmoja: "Basi natuma mimi. Nipe anwani."

Anwani nilipewa na Tonton Déo, ndugu ya mama yangu, mwalimu mstaafu aliyekaa Muhumba. Kama watu wengi wa mjini alikuwa na sanduku la posta ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, na kila wiki alivuka daraja na mwavuli wake kwenda kulifungua.

Sasa sikiliza vizuri kosa langu, kwa sababu lilikuwa kosa la mtu mwenye nia njema, na makosa hayo ndiyo mabaya. Mvua zilianza. Bati langu lilivuja. Niliogopa kadi ya Gaston itapata unyevu kabla sijaituma, nikafanya ambacho kila mtu wa Bukavu anafanya kwa karatasi anayoipenda. Diploma tunaitia plastiki. Cheti cha ubatizo tunakitia plastiki. Kadi ya mpiga kura, plastiki. Nikaipeleka kwa mama mmoja mwenye mashine ya fotokopi, akaipitisha ndani ya ile mashine ya moto, ikatoka upande wa pili imenyooka, inang'aa kama bati jipya. Niliitazama njia nzima. Niliona nimemfanyia Gaston ukarimu ambao hata hakuuomba.

Siku iliyofuata, kwenye jukwaa, mtu mmoja alikuwa ameweka picha ya kadi yake ya zamani ambayo mke wake aliitia plastiki. Chini yake watu waliandika kama katika kitabu cha matanga. Pole sana. Hakuna dawa. Ukiibandua, picha inabanduka nayo. Mmoja aliandika: hiyo si kadi tena, ni kumbukumbu ya kadi.

Nilisoma mara mbili.

Na wiki ile ile, kama kwa makusudi, Tonton Déo akavuka daraja akarudi na bahasha nene. Niliifungulia sebuleni kwake. Kila picha ilikuwa katika mfuko wake mwepesi, na zote zimelala katikati ya vipande viwili vya katoni ngumu. Zimefungwa kwa mkono wa mtu asiyekuwa na haraka. Nilihesabu: kumi na saba. Nikahesabu tena: kumi na saba. Kipa alikuwa mara mbili, na kwenye kipa wa pili palibandikwa kikaratasi: "Huyu ni wa papa yako, ili usilazimike kupunguza zako." Nilikuwa nimemtaja papa mara moja tu, katikati ya kubishana, ili kupandisha bei.

Sijui kama umewahi kutendewa wema na mtu ambaye ungepita naye njiani usimjue. Nilizipanga zile picha magotini. Halafu, mwanangu, nisikufiche, kichwa cha Kadutu kikaanza kufanya kazi. Nikamweleza Tonton habari ya plastiki, na mpango wangu wa kuwasingizia watu wa forodha.

"Nitamutumia vile iko," nikasema. "Nitasema ni batu ya douane njo walitia plastiki."

Tonton alivua miwani. "Batu ya douane iko na mashine ya plastiki?"

"Hatajua, Tonton. Hajafika huku."

"Ao usimutumie kabisa. Atakuja kukushitaki Kadutu?"

Nilidhani ananisaidia. "Hata iyo niliwaza."

"Murhula," akasema polepole, kwa sauti ya darasani, "weye unahesabu bintu byako mara mbili. Bya mwenzako unahesabuka mara ngapi?"

Akavaa miwani, akachukua gazeti lake, akasoma mpaka nilipoaga.

Nikaenda cyber. Nililipia saa moja, na dakika arobaini zilikwisha sijaandika kitu. Mwishoni niliandika kwa ufupi: kadi yako nimeitia plastiki, ni mimi, si mtu mwingine, sikujua. Picha uliyoiona ilikuwa ya kabla. Nakurudishia zote kumi na saba.

Jumapili, baada ya misa, nilipanda Nyantende na bahasha. Sikutaka papa afe bila kuwaona wachezaji wake, hata kama ni kwa mchana mmoja. Alikuwa ameanika maharagwe uani. Nilipomwambia nilichobeba alinawa mikono, akaifuta kwa shati, akainawa tena. (Sasa unajua tabia yangu ilitoka wapi.) Kisha akaishika picha ya kwanza kwa ncha za vidole, pembeni kabisa, bila kugusa uso. Hakuna aliyemfundisha. Mkono ule wa jembe ulijua kitu ambacho mimi na mashine yangu hatukukijua.

Alisoma majina kwa sauti ya chini. Kwa kila jina alisimama, akafumba macho, kama anayesikiliza redio iliyoko chumba cha pili.

"Mi nilibasikia tu," akasema. "Sura sikuijua. Kumbe huyu alikuwa na masharubu!" Akacheka mpaka machozi. "Miaka yote namuona kichwani bila masharubu."

Nilimwacha amalize zote, ndipo nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Alizipanga kama nilivyozileta, na kipa wake juu.

"Na huyu arudi," akasema. "Alinipa kwa sababu yako. Mi nimeshabaona."

Jibu la Gaston halikuja Jumatatu, wala Jumanne. Jumatano lilikuwepo. "Nimenyamaza siku hizi zote," aliandika, "kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikutaka kukuandikia nikiwa nayo. Kwa mkusanyaji yeyote kadi hiyo haina thamani tena. Lakini kaka yangu angecheka sana. Usirudishe kitu. Nitumie mtu wangu na plastiki yake."

Nilimpeleka mimi mwenyewe ng'ambo ya Ruzizi, katikati ya katoni mbili ngumu, kwa mfano wa Gaston. Wiki nyingi zikapita. Kisha akaweka picha kwenye jukwaa: ukurasa wa albamu, kadi zote zimefifia kwa utulivu wa uzee, na moja katikati yao inang'aa kama dirisha lililopigwa na jua. Mfuko wa albamu ulikuwa mdogo kwa ajili ya ile plastiki, akaupasua kidogo pembeni ili mgeni aingie. Mtu mmoja aliandika chini kwamba kadi ile inaharibu ukurasa mzima. Gaston akamjibu maneno mawili: "Tundu limeziba."

Nimewahi kuona vitu vikubwa, mwanangu. Nimeona ziwa likiwa limetulia kama sahani na milima miwili imeingia ndani yake. Lakini nikitaka kukumbuka kushangaa ni nini, narudi kwenye ule ukurasa.

Leo wewe una simu, na unabadilishana vitu na watu usiowajua, kwa dakika moja, bila kulipia saa ya cyber. Sikukatazi. Patana, bishana, omba kumi ukitaka tano, mimi nitakuwa wa mwisho kukulaumu. Lakini kasoro ya kitu chako iseme wewe kwanza, kabla mwenzako hajaikuta, na uiseme kwa jina lako, si la watu wa douane. Na kitu cha mtu usikitengeneze kwa namna unayoipenda wewe bila kumuuliza, hata kama nia yako ni safi kama plastiki. Ukimaliza kuhesabu vyako mara mbili, hesabu vya mwenzako navyo.

Papa nilimrudishia yule kipa, akakaa naye hadi mwisho. Nilipomwomba tumtafutie fremu ya kioo, alikataa akimficha kifuani: "Weye usimuguse!" Sasa kipa yuko kwangu, hana fremu, hana plastiki, na mvua ikianza namwangalia mara mbili.

Mungu akukutanishe na mtu atakayekutumia kwanza kabla hajaiona sura yako. Na siku bahasha yake itakapofika, ikukute na mikono safi ya kuipokea.